Kabla Hujaamini Jina Lililobandikwa Kwenye Chungu

Wiki iliyopita msomaji wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo dada. Nilinunua kaktasi nikaiweka kwenye meza anayosomea mwanangu. Sasa hivi tawi limekatika, limetoa maziwa meupe, mtoto amejishika jicho na analia halifunguki. Kwani kaktasi ina sumu?"

Sikujibu kwa maandishi, nilipiga simu. Nikamwambia aoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka, asipunguze dakika 15, kisha waende hospitali na picha ya mmea mkononi ili daktari ajue anatibu nini. Mtoto anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Picha nami nilitumiwa, na sikuhitaji kuitazama mara mbili. Shina la pembe tatu, vijani vidogo kwenye kingo, miba imekaa miwili miwili. Hiyo ni Euphorbia trigona, jenasi moja (yaani kundi moja la ukoo) na mnyaa tunaozungushia maboma. Nani kati yetu aliyekulia kijijini hakuonywa asichezee utomvu wa mnyaa? Lakini mchukue ndugu yake, mweke kwenye chungu cheupe cha kauri, bandika lebo ya "kaktasi", na onyo lote la bibi linafutika. Yule mama hakufanya uzembe wowote. Aliuziwa jina.

Kaktasi asili yake ni Amerika. Ni moja tu, Rhipsalis baccifera, inayojulikana kuota Afrika tangu zamani bila kuletwa na wakulima, nayo hata haifanani na kaktasi unazozijua, maana huning'inia mitini kama kamba laini. Mimea yetu ya Afrika iliyonenepa shina na kuota miba kwa sababu ya ukame kwa kawaida ni Euphorbia. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Miba ya kaktasi hutoka kwenye kidoa chenye manyoya mafupi, na Euphorbia haina kidoa hicho. Halafu mwombe muuzaji, akiwa amevaa glavu, achome shina kwa sindano. Likitoka tone jeupe, usiweke mmea huo mahali mtoto anapofika.

Mimi nauza mimea ya ndani hapa Dar es Salaam. Nilianza na vikonyo kwenye makopo ya rangi, leo nina kitalu chenye kivuli na vijana wa kunisaidia. Nawaeleza haya ili mjue siongei kwa kusikia.

Nina jeraha langu pia, na sitalificha. Kwenye kundi moja la WhatsApp la wapenda mimea, muuzaji alitangaza Monstera obliqua, mmea adimu wa kutambaa. Picha zilionyesha jani ambalo matundu ni mengi kuliko jani lenyewe. Bei ilikuwa laki moja na nusu kwa kipande chenye jani moja. Nikalipa. Kilipofika kwa basi, kimefungwa gazeti, nilishika jani nikajua nimeibiwa. Jani la obliqua halisi ni jembamba mno, ukilishika unaona unagusa karatasi. Hili lilikuwa nene na matundu yake ni ya kawaida. Ilikuwa Monstera adansonii, mmea ambao kitaluni kwangu nauza elfu kumi na tano.

Nilimwandikia faraghani, kwa heshima. Yeye akanijibu mbele ya kundi zima kwamba sijui mimea na nina wivu wa biashara. Msimamizi akanitoa. Pesa nilishasamehe. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mle ndani walikuwemo wadogo zangu wa biashara niliowapa mbegu na vikonyo bure, wanaijua adansonii vizuri, na hakuna aliyefungua mdomo.

Tangu hapo kila chungu kinachotoka kwangu kina jina la kisayansi, nimeliandika kwa mkono wangu. Wateja walinicheka mwanzoni: "Dada, tunanunua ua au tunasoma baiolojia?" Hao hao sasa wananiletea mashoga zao.

Na mwezi uliopita nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, mimea ya ghorofa nzima ya ofisi, kwa sababu tu ya suala hili la majina. Aliyenitangulia aliwapelekea "mitende midogo kutoka Uholanzi". Mhudumu akaimwagilia kila asubuhi kama alivyoelekezwa, ikageuka njano ikaanza kuanguka. Nilipoichomoa nikakuta chini kuna viazi vimeoza. Si mitende hata kidogo! Ni Zamioculcas zamiifolia, mmea unaohifadhi maji kwenye viazi vyake na kwenye vikonyo vinene. Unataka udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie tena. Nilikata palipooza, nikapanda upya kwenye udongo wenye mchanga mwingi, nikakataza maji. Mingi imechipua, na mkataba ni wangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Mmea huo ni wa kwetu! Unaota wenyewe Kenya, Tanzania bara, Zanzibar, na kuteremka hadi Afrika Kusini. Hata waliouandika kwanza waliukosea: mwaka 1829 Loddiges, mfanyabiashara wa mimea wa London, aliuweka kwenye jenasi nyingine, Caladium, akauita zamiifolium kwa kuwa majani yake yanafanana na ya mmea mwingine uitwao Zamia. Jina la sasa lilikamilishwa na Engler, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, mwaka 1905. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo tunauziwa sisi kama mgeni aliyeshuka na ndege. Ua la Usambara nalo ni hivyo hivyo. Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka mbegu kwao mwaka 1892, dunia nzima ikaliita violeti, na si violeti. Ule "mwanzi wa bahati" wa madukani si mwanzi wala si wa China, ni Dracaena sanderiana ya Afrika ya Kati. Tujue vya kwetu, jamani. Tusikubali kulipia mara mbili kile Mungu alichotupa.

Mnaoniuliza jinsi ya kutofautisha pothosi na filodendroni yenye jani la moyo, mimea miwili ya ndani inayotambaa, msikose usingizi, zinatunzwa karibu sawa. Pothosi ina jani nene linalong'aa na kikonyo chenye mfereji. Filodendroni ina jani laini, kikonyo cha mviringo, na jani jipya hutoka ndani ya ala inayokauka na kudondoka. Zote mbili huwasha mdomo zikitafunwa.

Alovera ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu watu wanaisaga wakanywa. Aloe vera yenyewe asili yake ni upande wa Oman na Rasi ya Arabuni, na maua yake ni ya njano. Shubiri zetu za porini ni nyingi, nyingi kati yake zina maua mekundu au ya rangi ya chungwa, na vitaluni zote zinaitwa alovera. Ipo Aloe ballyi, ya Kenya na Tanzania, ambayo ina sumu hasa. Kwa hiyo mama, baba, dada, kama hukuliona ua lake na muuzaji hawezi kukutajia jina kamili, usinywe. Hata iliyo ya kweli ina utomvu wa njano chini ya ganda unaoharisha vibaya. Muuzaji akikasirika ukimuuliza jina, ondoka. Muulize tena wa pili. Muulize na mimi.

Yule mama wa Mwanza ameniuliza kama autupe mmea. Hapana, ni mzuri na hauna kosa. Nimemwambia auhamishie barazani, juu ambako mtoto hafiki, asiukate bila glavu, na aifute ile lebo.

Wanaotaka niwatambulie mimea yao, picha ya jani peke yake hainisaidii. Piga shina lote, pale kikonyo kinapoungana na shina, upande wa chini wa jani, na ua kama lipo.