Kidonge cha nywele na daftari nililochelewa kununua

Kinyozi wangu ndiye aliyenipa habari. Alizima mashine, akanishikisha kile kioo kidogo cha kutazamia kisogo, akasema taratibu, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, "Bosi, huku utosini pameanza kufunguka." Nilikuwa na miaka 33. Nikacheka, nikalipa, na nilipofika kwenye gari nikapiga picha za utosi wangu kwa simu, nane mfululizo, huku mlinzi wa maegesho akinitazama.

Kwetu upara ni urithi, hauna haja ya kupigiwa ramli. Babu anao, baba anao, baba wakubwa wote wawili wanao. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo wanaokimbilia vidonge huku tatizo lao ni mapunye, au rasta zilizokazwa mpaka mizizi ikachoka, au vile vipele vya kisogoni vinavyoletwa na kunyoa karibu mno. Hayo yana tiba zake nyingine kabisa. Upara wa urithi kwa mwanaume huanzia pembe za paji la uso au utosini, kisogo na pembeni pakabaki na nywele zake. Kama zako zinadondoka kwa mabaka, au ghafla, au ngozi inawasha na kutoa magamba, nenda kwa daktari wa ngozi.

Mimi sikwenda kwa daktari yeyote. Nilikwenda famasi. Kijana wa kaunta hakuniuliza umri, hakuuliza kama nina mke, hakuuliza kitu. Akanipa finasteridi za miligramu 5 na ushauri wa bure: zile za miligramu 1 za nywele ni ghali na hazipatikani kila mara, chukua hizi, kata kila kimoja vipande vinne, unameza kipande kila siku. Nikamuuliza kuhusu madhara. "Hizo stori za mitandaoni, bosi."

Basi nikawa nakata. Kila Jumapili usiku, wembe mpya, kibao cha jikoni kile cha kukatia vitunguu, vidonge viwili. Kidonge kidogo hakikatiki vizuri. Kipande kimoja kinakuwa kikubwa, kingine kinavunjika kikawa unga. Unga naupangusa kwa kiganja. Vipande naviweka kwenye kopo la vitamini. Mke wangu sikumwambia, kwa aibu tu. Mwanaume mzima kulilia nywele!

Dawa yenyewe inafanya nini? Mwilini homoni ya testosteroni hubadilishwa na kimeng'enya fulani kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, DHT. Kwa aliyerithi upara, DHT ndiyo inayosinyaza vinyweleo vya utosini mpaka vinaota nywele nyembamba kama za mtoto, kisha hazioti kabisa. Finasteridi inakizuia kile kimeng'enya, na DHT ya kwenye damu inashuka kwa karibu theluthi mbili. Wazo lilitokana na watu halisi. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako watoto fulani walizaliwa wakionekana wasichana, wakabalehe wakawa wanaume. Walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho hicho. Walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo, na upara hawakuupata.

Ndiyo maana dawa ilianza kama ya tezi dume. Marekani iliiruhusu mwaka 1992 kwa jina la Proscar, miligramu 5, na mwisho wa 1997 ikaja Propecia, miligramu 1, ya nywele. Hili nililijua kwa babu. Nilimkuta kwake na boksi lile lile mezani, pembeni ya kahawa. Nikaropoka kwamba na mimi nakunywa hiyo. Akanitazama kichwani kwanza. "Mjukuu wangu, mimi natafuta njia ya mkojo, wewe unatafuta nywele? Mke wangu umeshasema ni wako, sasa na dawa yangu unaitaka?" Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Karatasi ya maelezo nilikuja kuisoma mwezi wa tatu, baada ya mambo kuharibika, na nitakueleza namna ninavyoisoma sasa. Katika majaribio ya mwanzo ya kidonge cha nywele, waliopata tatizo lolote la tendo la ndoa (hamu kupungua, uume kushindwa kusimama vizuri, shahawa kupungua) walikuwa asilimia 3.8 ya waliomeza dawa, na asilimia 2.1 ya waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa. Kwa hiyo katika wanaume mia, wapatao wawili zaidi. Upande wa pili wa mizani, baada ya miaka miwili wanaume 83 katika mia hawakuwa wamepoteza idadi ya nywele zilizohesabiwa, dhidi ya 28 wa kidonge kitupu. Ukiishia hapo unaona kijana wa famasi alikuwa sahihi.

Lakini karatasi imeongezwa maneno tangu wakati huo. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuongezwa maelezo kwamba kuna wanaume walioripoti matatizo hayo kuendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2022 yakaongezwa mawazo ya kujiua. Mei 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya nayo ikathibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara ya vidonge hivi. Hayatokei kwa wengi. Ila mtu aliyewahi kuanguka kwenye sonona, kwa maoni yangu, asikiguse kidonge hiki kabla ya kukaa na daktari na kumwambia historia yake bila kuficha. Nywele zinaweza kusubiri.

Mwezi wa tatu, basi. Sikuumwa popote. Hamu tu ndiyo iliyohama nyumba. Usiku nisio kazini nikawa nalala saa tatu kama mwanafunzi wa bweni. Wiki ya kwanza nikasingizia kazi, maana kweli nilikuwa nimepangiwa zamu za usiku. Wiki ya tatu mke wangu akaniuliza gizani, sauti haina hata hasira: "Una mtu?"

Nikawasha taa nikaenda kuleta kopo la vitamini. Nilidhani atacheka. Akachukua boksi, akaikunjua ile karatasi ambayo mimi sikuwahi kuikunjua, akasoma kimya. Kisha akanigeuzia, kidole kwenye mstari. Mjamzito asiguse kidonge kilichokatwa au kusagwa, dawa inaweza kupenya kwenye ngozi na kuharibu maumbile ya uzazi ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. "Unakatia wapi?" Nikajibu. Akanyamaza, na kesho yake kibao kilikuwa kwenye pipa la taka.

Daktari wa kliniki alitutuliza. Kupangusa kibao chenye alama za unga si sawa na kumeza dawa, na kidonge kizima kina ngozi yake ya nje inayozuia. Hata hivyo tulihesabu siku mpaka mwisho. Mungu naye ana utani wake: alizaliwa mtoto wa kike.

Niliacha vidonge usiku ule ule. Kama wiki sita baadaye hamu ikarudi. Kwa hiyo ilikuwa dawa? Hapo ndipo ninapopata hasira na nafsi yangu, kwa sababu siwezi kujibu. Miezi hiyo hiyo nilikuwa na zamu za usiku, nilikuwa na mke mwenye kichefuchefu cha alfajiri, nilikuwa na siri. Halafu kuna hofu yenyewe. Mwaka 2007 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa wa tezi dume waliopewa finasteridi ya miligramu 5. Kundi moja liliambiwa wazi kwamba dawa inaweza kugusa tendo la ndoa, kundi jingine halikuambiwa. Walioambiwa, asilimia 43.6 walilalamika. Wasioambiwa, asilimia 15.3. Dawa ni ile ile. Usinielewe vibaya, sisemi walioumia wanajidanganya. Mwili wa mtu haupimwi kwa wastani wa wenzake. Ninachosema ni kwamba mimi nilianza dawa bila kujua nilikuwaje kabla yake, na asiyejua alikotoka hawezi kusema amepotezwa na nani.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni daftari la shilingi mia tano. Kabla hujanunua kidonge, andika mwezi mzima. Umelala saa ngapi, hamu ikoje, alfajiri mwili unaamka au hauamki, moyo mzito au mwepesi, matiti yana maumivu au uvimbe wowote (hilo nalo limo kwenye orodha). Piga picha ya utosi mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, taa ile ile, achana na mambo ya kupiga nane kwenye gari. Kisha amua mapema, ukiwa na akili timamu, ni jambo gani likitokea utaacha na kurudi kwa daktari. Ukiamua ukiwa tayari ndani, utajibembeleza: nisubiri mwezi mmoja zaidi, nywele ndiyo kwanza zinaanza. Na zinachelewa kweli, miezi mitatu mpaka sita, na ukiacha faida yote inapotea ndani ya mwaka. Kwa hiyo unachopima ni kuishi na dawa miaka.

Mwenzako ajue. Ningekuwa nimesema siku ya kwanza, lile swali la gizani lisingeulizwa. Daktari naye ajue, hasa ukifika umri wa kupima tezi dume, kwa kuwa dawa hii hushusha karibu nusu majibu ya PSA, kipimo cha damu cha kutafuta dalili za saratani ya tezi dume. Asiyejua unaitumia atakwambia uko salama wakati huko salama. Na usichangie damu ukiwa unaitumia, maana damu yako inaweza kuishia kwa mjamzito.

Baada ya kuzaliwa binti nikahamia dawa nyingine ya nywele, minoksidili ya kupaka. Hii haigusi homoni. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mahali wasipozitaka, na mwaka 1988 ya kupaka kichwani ikaruhusiwa Marekani. Wiki ya tatu foronya yangu ilijaa nywele nikataka kulia. Ni kawaida, zile za zamani zinapisha mpya, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia. Ya maji ilinitoa vipele, ya povu haikunisumbua. Wengine hupata kizunguzungu, moyo kwenda mbio, miguu kuvimba. Ukiona hivyo acha, na mwenye ugonjwa wa moyo aanzie kwa daktari.

Na kama una mtoto mchanga, tafadhali sikia hili. Huko Ulaya wamepatikana watoto wachanga walioota nywele mwilini, chanzo kikawa ni minoksidili ya mzazi au mlezi waliyogusana nayo. Ilipokomeshwa, nywele zikapungua. Nilipolisoma hilo binti yangu alikuwa amelala kifuani kwangu, mkono wake umenishika utosi. Tangu siku hiyo napaka akishalala kitandani kwake, nanawa mikono, na foronya yangu haifiki kwake.

Kuna pia dawa za kupaka zenye finasteridi zinazochanganywa na kuuzwa mtandaoni kwa madai kwamba hazina madhara. Mamlaka ya Marekani ilitoa onyo juu yake Aprili 2025, kwa sababu zinapenya kwenye damu pia. Mafuta ya sokoni yasiyo na lebo siyazungumzii hata.

Sasa hivi kilichokuwepo utosini kimebaki, kipya ni kidogo. Nafikiria tena kidonge, safari hii cha miligramu 1, kizima, kwa cheti cha daktari, na wala sijakinunua. Kwanza namaliza mwezi wa daftari. Linakaa juu ya friji. Jana nilipolifungua niandike, nilikuta chini ya maneno yangu ya Jumanne, "usingizi saa sita, hamu ipo, utosi vilevile", mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Hamu nimethibitisha. Utosi sina uhakika."