Augrabies: maji yanajaa bila mvua?

Swali: Desemba mimi na mume wangu tutakuwa Cape Town kwa kaka yangu, na tunataka kwenda kwa gari hadi maporomoko ya Augrabies. Picha moja niliyoona ina maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefunika mwamba wote. Nyingine ina utepe mmoja tu korongoni. Sisi tutakuta lipi? Nimeangalia utabiri wa huko, mvua hamna. Na gari dogo litafika? — Msomaji, Tanga

Jibu: Dada, huo utabiri achana nao. Pale, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, ni nusu jangwa, na hata mvua ikinyesha siyo inayoujaza mto. Maji ya mto Orange, ambao pia huitwa Gariep, yanaanzia milima ya Lesotho, mbali kabisa mashariki. Yakishuka yanapita mabwawa mawili makubwa ya umeme, Gariep na Vanderkloof, kisha yanavutwa kumwagilia mizabibu ya miji ya Upington na Kakamas. Kinachobaki ndicho kinachoanguka Augrabies.

Ndiyo maana picha zako mbili zote ni za kweli. Mabwawa yakijaa na kufunguliwa, maji hayo huchukua siku kadhaa kufika. Niliwahi kupeleka wageni pale, anga halina hata kiwingu, tukakuta maji yamepanda kwenye mwamba tulioupiga picha mkavu jana yake. Mmoja akaniuliza mvua imenyesha saa ngapi!

Kwa hiyo siku chache kabla ya safari, tafuta kipimo cha mto, yaani mita za ujazo kwa sekunde. Wizara ya maji ya Afrika Kusini hukitangaza, na ukipiga simu kwenye hifadhi ya taifa yenye maporomoko hayo watakwambia hali ilivyo. Msimu wa maji mengi ni kuanzia Januari hadi Aprili. Desemba, jiandae kukuta utepe.

Lakini utepe huo usiudharau. Unaanguka kama mita 56 ndani ya korongo la mawe lenye urefu wa kilomita 18, na maji yakiwa machache ndipo unapoliona korongo lenyewe. Mafuriko makubwa, kama ya 1988 na 2011, ni jambo la kutisha kuliko kupendeza. Unaona ukungu na kusikia ngurumo, basi. Jina lenyewe limetoka lugha ya Wakhoi, maana yake mahali pa kelele nyingi. Mimi ningechagua mwanzo wa Aprili: maji bado yapo, na joto limepungua.

Joto ndilo litakalowasumbua zaidi ya maji. Desemba linavuka nyuzi 40. Tokeni alfajiri, mchana mjifiche kivulini, mrudi jioni. Jua huko huchelewa kuzama hadi karibu saa moja na nusu.

Tafadhali, msivuke vizuizi hata kwa picha moja. Mwamba umesuguliwa na mto ukawa laini kama sahani, tena umebinuka, kwa hiyo mtu haoni ukingo mpaka ameshaanza kuteleza. Watu wamefia pale. Kutoka kwenye vizuizi hivyohivyo mtawaona mijusi bapa. Dume ana kichwa cha buluu na miguu ya mbele ya rangi ya chungwa, anaruka hewani kudaka usubi wanaozagaa karibu na maji. Kwetu ukisikia usubi unawaza ugonjwa wa upofu wanaoueneza. Kule ugonjwa huo haupo, ila wadudu wenyewe wanaudhi, hivyo chukueni kofia zenye chandarua.

Gari dogo linatosha. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Cape Town, lami hadi getini, na kutoka mapokezi hadi maporomoko ni mwendo mfupi wa miguu. Njia za ndani zaidi ni za changarawe, na baadhi zinataka gari la kupanda milima, hizo ziacheni. Mkichoka kuendesha, kuna ndege hadi Upington, kisha mkodi gari. Hapo hubaki kilomita 120 hivi. Mafuta na maji ya kunywa jazeni hukohuko Upington, au mwisho kabisa Kakamas.