Maswali kwa fundi: ubao wa pinboli uliozeeka

*Fundi, nimepata pinboli, ile mashine ya mchezo wa gololi, ya miaka ya 1970 kutoka hoteli iliyofungwa huku Bamburi. Ubao ambapo gololi hupita umekuwa mweusi tititi. Mama anasema niuoshe kwa maji ya sabuni.*

Mfikishie mama shikamoo yangu, lakini maji weka mbali. Ubao ule ni plaiwudi ya kama nusu inchi, rangi zimechapwa juu yake na kufunikwa laka nyembamba, yaani vanishi ya kung'arisha. Laka ikizeeka hufanya nyufa ndogo ndogo kama za sahani kuukuu. Maji yakipenya humo, mbao huvimba na rangi hubanduka. Hewa yetu ya pwani inatosha kwa unyevu, usiiongezee.

Chomoa waya wa umeme. Toa kioo, gololi na mipira ya raba, ila piga picha kwanza, maana utasahau kila kimoja kilikaa wapi. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Kisha chovya kitambaa cha pamba kwenye nafta, ile inayotiwa viberiti vya Zippo, ufute kidogo kidogo. Madirisha yawe wazi, na mvuta sigara atoke nje.

*Nafta haikutoa michirizi kwenye njia ya gololi. Je, sponji nyeupe ya melamini na spiriti ya isopropili?*

Inatoa, na ndiyo maana naiogopa. Sponji ile ni msasa mlaini sana: inakula laka pamoja na uchafu. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, usikandamize, futa mara kwa mara. Ukiona wekundu au umanjano kwenye kitambaa, acha papo hapo. Mimi niliwahi kutaka weupe zaidi, nikamfuta mwanamwali aliyechorwa kwenye ubao nyusi moja. Mwenye mashine alinilipa, lakini tukikutana Kongowea hunikunjia zake zote mbili.

*Rangi imelika hadi mbao zinaonekana. Nimpe fundi wa rangi za magari apulize klia, ile laka ya juu isiyo na rangi?*

Yafaa, baada ya kujazia rangi kwa akriliki, ukiilinganisha mchana kwenye mwanga wa jua. Lakini lazima ung'oe kila kitu, juu na chini, taa na koili zote. Na klia ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu, ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama ni ya kuchezea nyumbani tu, mimi ningeziba palipolika na kuishia hapo.

*Poda ya keram itafanya gololi iende kasi?*

La, ndugu yangu. Kete ya keram huteleza, gololi hubingirika. Poda itaingia kwenye swichi na masika itageuka uji. Paka nta ya karnauba isiyo na chembe za kusugulia, kisha ikague gololi yenyewe. Ya kawaida ina milimita 27. Ikiwa na vishimo, ibadilishe, kwani inakwangua laka kama tupa.

*Pinboli yangu mimi imeingia Kilindini kwa kontena kutoka Marekani. Nimeshaisafisha, niwashe?*

Bado! Kule umeme ni volti 120, hapa 240. Transfoma nyingi za pinboli zina vituo vya kuunganishia waya kwa volti zote mbili. Fundi umeme ahamishe waya na kuweka fyuzi inayolingana.