Kabla hujajaza mkeka wa gofu

Julai 2019 elfu hamsini zangu za kubeti ziliteketea kwa mcheza gofu Rory McIlroy. Open ya Uingereza ilirudi Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, nyumbani kwao. Machi alikuwa kashachukua mashindano makubwa ya Players, na Juni akabeba Canadian Open kwa mikwaju 61 siku ya mwisho, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Nikajisemea, huyu leo nani wa kumzuia? Alhamisi nimekaa barazani Mji Mkongwe, simu mkononi, kahawa bado ya moto, mpira wake wa kwanza kabisa ukatoka nje ya mpaka wa uwanja. Shimo la mikwaju minne akalimaliza kwa minane. Siku ile alipiga 79. Muuza kahawa akanitazama usoni, akauliza, "Kafa nani?"

Kesho yake Rory akapiga 65 na akakosa mchujo wa kuingia siku mbili za mwisho kwa mkwaju mmoja tu. Ile 65 ndiyo iliyoniuma, maana fomu alikuwa nayo kweli. Mimi ndiye niliyempa mtu mmoja mzigo wote, tena kwa kuhesabu vikombe tu.

Tangu hapo, nafasi aliyomaliza mchezaji ndiyo naitazama mwisho. Mtu anaweza kumaliza wa thelathini kapiga mpira vizuri kuliko aliyemaliza wa tano, ila ule wa kusukuma shimoni ukawa unamkataa wiki nzima. Kusukuma huko hubadilika kama upepo wa Machi. Mapigo marefu, na hasa yale ya kuulenga uwanja wa shimo (lile eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwa fimbo za chuma, hayapotei kirahisi. Profesa mmoja wa Columbia, Mark Broadie, alitengeneza hesabu ya kupima kila pigo kwa kulilinganisha na wanavyofanya wenzake kutoka umbali uleule. PGA Tour, wenye mashindano makuu ya Marekani, walianza kuitoa 2011 kwa kusukuma tu, mapigo mengine yakafuata baadaye, na kwenye tovuti yao unaisoma bure.

Mtazame Scottie Scheffler. Mwaka 2023 hakuna aliyekuwa akiufikisha mpira kwenye uwanja wa shimo kama yeye, lakini kwa kusukuma alikuwa wa 162. Machi 2024 akabadili fimbo ya kusukumia, akashinda mashindano ya Bay Hill, wiki iliyofuata Players, na Aprili akavaa koti la kijani analopewa bingwa wa Masters. Mpira alikuwa anaupiga siku zote.

Na wa pili usimdharau. Machi 2025 J.J. Spaun alifungana na Rory kwenye Players, akashindwa kwenye mashimo ya nyongeza siku ya Jumatatu. Nilimwona kwa macho yangu, nikasema kabahatisha. Juni akachukua US Open pale Oakmont. Mpaka leo sijajisamehe.

Majeraha nayo yana saa yake. Krismasi ya 2024 Scheffler alikatwa kiganja na glasi iliyovunjika, akafanyiwa upasuaji. Alirudi uwanjani mapema, lakini kikombe cha kwanza kilikuja Mei. Kwa hiyo aliyetoka hospitali nampa miezi, hata awe nani.

Jambo ambalo sisi wa visiwani tungelijua kabla ya wote ni upepo, lakini tunalisahau tukishika simu. Nenda Paje kipindi cha kusi uone asubuhi na alasiri zilivyo bahari mbili tofauti. Viwanja vya Open viko pwani vilevile. Anayeanza Alhamisi asubuhi huanza Ijumaa mchana, mwenzake kinyume chake, na hali ya hewa ikigeuka katikati, nusu ya wachezaji wanaonewa bila kosa. Nasoma saa za kuanza, kisha utabiri wa upepo, ndipo nachagua jina.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba kamari ni haramu. Mama yangu keshasema, na sina la kumjibu. Nilichofanya ni kushuka: elfu tano kwa mashindano, haiongezwi hata nikihisi nimeoteshwa, na haitoki kwenye pesa ya sokoni. Mara nyingi nabeti mchezaji aingie kumi bora tu, maana kumpata bingwa mmoja kati ya watu zaidi ya mia ni shida hata kwa aliye fomu.

Tena sijazi mkeka Jumatatu. Nasubiri Jumatano usiku, kwa sababu kuna wanaojitoa dakika za mwisho, huyu mgongo, yule kifundo cha mkono.