Perege Wanatweta Alfajiri

SWALI: Mhariri, asalaam alaykum. Nyumbani kwangu Mikindani nina kidimbwi cha saruji chini ya mwembe, urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 60, chenye perege na mayungiyungi. Wakati wa mvua hufurika maji ya udongo. Ifikapo Oktoba maji hupungua na kuwa ya kijani, na perege huja juu alfajiri wakitweta. Fundi amenishauri nikimwage chote na kukisugua kila mwaka. Je, nimsikilize?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu msomaji. Perege wako wanaelekea kukosa hewa. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi: lita moja yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi, na ikifika nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7 na nusu. Vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku navyo huivuta, sambamba na samaki na majani ya mwembe yanayooza chini, ndiyo maana dhiki huonekana kabla ya jua kuchomoza wala si saa nane mchana.

Ushauri wa fundi siuafiki. Utelezi ulioshika kutani ni maskani ya bakteria wanaovunja uchafu wa samaki, na ukiusugua wote utaanza upya na maji mageni. Kazi kubwa ifanye kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, kusi likivuma na maji yakiwa na ubaridi: zoa tope kwa ndoo ukibakiza kidogo, kisha badilisha sehemu moja ya tano ya maji, yaani lita 720, ambazo ni ndoo 36 za lita 20. Maji ya bomba yaache siku moja au mbili kwenye pipa lililo wazi ili klorini itoke. Ya kisima yamimine kutoka juu yapate hewa, lakini kwanza yaonje, kwa kuwa visima vya karibu na ufuko huwa na chumvi na mayungiyungi hayaivumilii.

Wakati wa kiangazi usiongeze tu maji yaliyokauka, kwani chumvi haikauki nayo, bali hulimbikizana. Chota kidogo ndipo ujazie. Tandaza wavu mkuukuu juu kuzuia majani, na asubuhi wakitweta usiwape chakula.

Kabla ya mvua za Desemba inua ukingo kwa sentimita 15 ili maji ya uani yasiingie. Viluwiluwi vya mbu perege watakula wenyewe. Mapipa yako ndiyo ya kufunika.

Iwapo jirani anapulizia dawa ya mbu wa mikorosho (mdudu asiye na undugu na mbu wa malaria), funika kidimbwi kwa turubai mpaka amalize, kwa sababu nyingi za dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana, na mwombe asioshee bomba lake karibu.