Rudisheni Hiyo -sh-

SWALI: Mwalimu, hujambo? Naandika historia fupi ya kijiji chetu hapa Njoro ili wajukuu waje kusoma. Nimekwama kwenye neno moja. Wale Wazungu wa kwanza niwaite masetla, walowezi au waasisi? Kijana wangu anasema "waasisi" lina heshima zaidi. Nimeanza hivi: "Waasisi wa Njoro walifyeka msitu, wakajenga nyumba za mawe na kulima maelfu ya ekari za ngano. Wamaasai walihama wakaenda Laikipia." Na babu yangu, aliyekuja kufanya kazi kwa mzungu, yeye nimwite nani?

JIBU: Sijambo, mama. Neno unalolitafuta ni walowezi. Limetoka kwenye kitenzi lowea, yaani kukaa ugenini muda mrefu hadi ukapafanya kwako. Linawafaa watu ambao kuanzia 1915 sheria iliwaruhusu kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Masetla nalo ni neno la Kiingereza lililovishwa ma- yetu. Wazee wa mashambani walilitumia maisha yao yote, kila mtu analielewa, sina vita nalo. Unapowanukuu wazee, liache lilivyo.

Waasisi, hapana. Mwasisi (na tafadhali, si "muasisi", hata kama magazeti yameng'ang'ania hivyo) lina asili ya Kiarabu, kwenye neno la msingi wa jengo. Ni mtu anayeanzisha kitu ambacho hakikuwapo. Ukiniambia waasisi wa chama, wa shule au wa kanisa, nitakuelewa. Ukisema waasisi wa stesheni ya Nakuru, ambako reli ilifika 1900, sitabisha. Lakini waasisi wa makazi ya watu katika nchi hii?

Siku moja panda matatu ukashuke Hyrax Hill, kile kilima cha mawe nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliongoza uchimbaji pale mwaka 1937 na 1938. Kuna makazi na makaburi ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita, na kuna mashimo ya Sirikwa, mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ardhini karne kadhaa kabla ya garimoshi. Kisha tafuta bao. Limechongwa juu ya mwamba wenyewe, vishimo vimejipanga safu kwa safu. Mimi niliinama nikatia kidole, nikakuta ukingo umelainika kama mdomo wa kinu kikuukuu. Hakuna mtu anayejichongea bao acheze peke yake. Huyo alikuwa na mwenzake, na jioni walikaa hapo wakahesabiana kete.

Basi jibu la swali lako ni hilo. Lakini sentensi yako imenitia uchungu kuliko swali, na najua si kosa lako, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa sote kuandika historia. Nimeisahihisha katika insha za wanafunzi miaka na miaka, na bado inarudi.

Walifyeka. Wakajenga. Wakalima. Nani, mama?

Tuchukue lile la kulima peke yake. Mlowezi mmoja mashuhuri, Lord Delamere, alipata ekari 100,000 hapo hapo kwenu Njoro mwaka 1903, akaliita shamba lake Equator Ranch. Tuache hizo laki nzima, tushike elfu moja tu za ngano. Mtu mwenye jembe na nguvu zake akilima robo ekari kwa siku, na hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo, atahitaji siku 4,000. Ni karibu miaka kumi na moja bila Jumapili. Mpe ng'ombe na plau. Bado kuna mtu aliyeshika mikono ya plau nyuma, na kuna kijana aliyetangulia mbele ya ng'ombe kwa kamba na umande miguuni. Hao ndio waliolima. Mwenye shamba alilimisha.

Alilimisha! Ona jinsi lugha yetu ilivyo tajiri. Lugha nyingine zinahitaji maneno matatu au manne kusema kwamba fulani alimfanya mwingine afanye kazi. Sisi tunatia silabi moja tu. Lima, limisha. Chimba, chimbisha. Fyeka, fyekesha. Jenga, jengesha. Mtoto wa miaka minne anaijua hii -sh-, na hachanganyi kula na kulisha. Ukitoka kwa fundi cherehani unasema umeshonesha nguo. Ukitoka kwa kinyozi unasema umenyolewa, husemi umejinyoa. Kwa nini basi tukishika kalamu ya historia, yule aliyekuwa amesimama na kofia chini ya mti ndiye anayepewa jembe?

Utaniambia, "Lakini Mwalimu, si tunasema fulani amejenga kwao, na kumbe ameita fundi?" Kweli, tunasema, na hilo nalivumilia. Anayesikia anamjua fulani, anamjua na fundi, pengine alimwona akichanganya udongo. Mjukuu wako hatamjua fundi. Atakachokijua ni kile utakachoandika. Ukiandika "walijenga", atapita mbele ya ile nyumba ya mawe akidhani Mzungu ndiye aliyechonga kila jiwe.

Mahali pamoja nakubali kitenzi kitupu. Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901, na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akapewa nyundo akapigilia msumari wa mwisho. Bandari ikaitwa Port Florence. Hapo andika "alipigilia", kwa sababu alipigilia kwa mkono wake. Msumari mmoja. Iliyobaki yote tangu Mombasa ilipigiliwa na wengine, wakiwemo watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwenye kazi hiyo. Bandari yao nani aliiita kwa majina yao? Angalau wenyeji walikuwa na jina lao, lile la mahali pa kusuma, pa kwenda kutafuta nafaka kwa kubadilishana, na Kisumu ndilo lililobaki.

Sasa njoo kwenye sentensi yako ya pili, ambayo ni mbaya zaidi: "Wamaasai walihama." Kuhama ni kufunga mzigo wako kwa kutaka kwako. Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakapelekwa Laikipia. Kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa na Laikipia pia, wapelekwe kusini. Wakaenda mahakamani kupinga, na kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Mtu aliyehama hafungui kesi. Walihamishwa, mama. Ukiila hiyo -sh- hapo, umewafuta askari, umefuta mikataba, umefuta na kesi. Hilo sitalivumilia kwa mwanafunzi wala kwa profesa.

Baba yangu alizaliwa kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi, za shamba moja upande wa Rongai. Shule hakuwahi kuingia. Kiswahili alikisikia kwanza kutoka kwa mzungu wake, kile Kisetla kisichokuwa na viambishi, cha "wewe lima hapa, wewe kwenda kule". Lakini alipokuwa akitusimulia jioni, alisema "tulilimishwa", "tulichungishwa", "tulihamishwa". Kila siku, bila kukosea hata mara moja. Alikuwa amepewa lugha iliyokatwa miguu, akairudishia miguu yote. Sisi tuliosoma ndio tunaoikata tena, na nikiona hivyo moyo unaniuma, kwa sababu nasikia sauti yake.

Kuhusu babu yako. Wazee kama yeye wenyewe walijiita maskwota, nawe andika hivyo. Ila neno hilo usiliache peke yake, maana mjukuu atadhani ni mtu aliyevamia ardhi ya mwenyewe. Mweleze kwamba kwa sheria ya 1918 skwota alitakiwa kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa na kujilimia kipande. Andika na jina lake kamili, na la bibi, maana pale penye jembe la babu palikuwa na la bibi pia.

Ile sentensi yako ya kwanza usiitupe. Vitenzi vyake ni vizuri, tena havihitaji -sh- hata moja, ukishaondoa waasisi pale mbele. Anza kitabu chako hivi: "Babu, bibi na wenzao walifyeka msitu, wakajenga nyumba za mawe na kulima maelfu ya ekari za ngano."