Maswali ya Wasomaji: Faili za Medieval II zinakataa kufunguka

SWALI: Nataka kubadilisha bei za askari kwenye mchezo wa kompyuta Medieval II: Total War. Ndani ya folda ya mchezo nimeingia tools\unpacker, nikabofya unpack_all.bat, inayofungua faili zilizofungashwa. Dirisha jeusi linawaka na kuzima papo hapo, na ndani ya folda ya data hakuna kipya. Nimeiendesha kama msimamizi (administrator), mambo ni yale yale. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapo kuna matatizo mawili, na dawa ya la kwanza ndiyo iliyozaa la pili. Mchezo huu ulitoka 2006, enzi za Windows XP. Windows zilizofuata zinalinda Program Files, folda zinamowekwa programu, na programu ya kawaida haiandiki humo. Wakati mwingine hata haikataliwi wazi: faili hupelekwa kimyakimya AppData\Local\VirtualStore, wewe ukadhani hazikutoka. Chungulia huko kwanza.

Dawa ya hilo ni kuendesha kama msimamizi. Lakini ukiendesha hivyo faili ya .bat (faili ya amri), Windows huianzishia C:\Windows\System32, si kwenye folda ilimokaa. Amri iliyomo inasema "panda folda mbili, kisha ingia packs". Ukipanda mbili kutoka System32 unajikuta C:\, ambako hakuna packs (folda ya vifurushi vya mchezo) wala unpacker.exe, programu inayovifungua. Kwa hiyo inakufa kabla ya kuanza.

Fungua unpack_all.bat kwa Notepad, nayo pia iendeshwe kama msimamizi, la sivyo itagoma kuhifadhi. Juu kabisa andika:

cd /d "%~dp0"

na chini kabisa:

pause

Mstari wa kwanza unairudisha kwenye folda yake. Wa mwisho unazuia dirisha lisifunge ili usome kosa, kama lipo. Endesha tena kama msimamizi na uwe na subira, maana data ni gigabaiti kadhaa. Ukiona export_descr_unit.txt (faili yenye bei za vikosi) ndani ya data, umefaulu.

Kwa maoni yetu, afadhali kuhamishia mchezo mzima nje ya Program Files, tuseme D:\Michezo. Usumbufu wote huu unaisha.

SWALI: Zangu zimefunguka vizuri. Nimepunguza bei kwenye mstari wa stat_cost ndani ya export_descr_unit.txt, lakini mchezoni bei haijabadilika. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mchezo bado unasoma vifurushi vya .pack na kuziruka faili zako. Fungua medieval2.preference.cfg, faili ya mipangilio ya mchezo, ongeza mwishoni:

[io]
file_first = true

Mchezo ukiifuta mistari hiyo, iwekee faili alama ya kusomwa tu. Hakikisha pia umegusa namba sahihi: ya kwanza kwenye stat_cost ni zamu za kuandaa kikosi, ya pili ndiyo bei, ya tatu ni gharama ya kukitunza kila zamu.

Majina ya vikosi ni habari nyingine. Yamo data\text\export_units.txt, ila mchezo husoma nakala iliyokwisha kutayarishwa, export_units.txt.strings.bin. Ifute hiyo, itatengenezwa upya utakapowasha mchezo.

SWALI: Ramani ya kampeni inacheza sawa, lakini kila nikiingia vitani mchezo unajifunga. Ilianza baada ya kufungua faili. – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Hamisha descr_geography_new.txt na descr_geography_new.db kutoka data uziweke kando. Hizo mbili zikisomwa zikiwa nje ya kifurushi huangusha mchezo vita vinapopakiwa.